Ndugu Thelathini na Mmoja wa Marehemu Seremala

Dada yangu alikuwa akinipigia simu kila jioni kutoka wodini Dar es Salaam kuniuliza swali moja: "Leo umepata mate ya wangapi?"

Nilimjibu kama mama muuza nyanya anavyotoa taarifa ya gulio. Kumi na wawili. Wanane. Siku moja nilimwambia "mmoja na nusu", kwa sababu kijana wa pili alikubali kupitisha pamba shavu la kushoto, kisha akaahirisha la kulia mpaka aongee na mchumba wake. Dada akacheka mpaka nesi akaja kumtazama. Sikumwona, lakini najua alikuwa ameshika shingo. Ndivyo anavyocheka tangu utotoni, kama mtu anayeogopa kichwa kisidondoke.

Namwita dada, ingawa ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Mama mkubwa alifariki dada akiwa na miaka mitatu, na sote wawili tukalelewa na bibi mmoja, Kasulu mjini, katika nyumba moja na kitanda kimoja. Yeye akawa mwalimu. Mimi nikawa mtu wa maswali. Shule ya Jumapili nilimuuliza mwinjilisti mchwa walikaa wapi ndani ya safina ya Nuhu, na kama walikuwa wawili tu, kwa nini hawakuila safina. Nilitolewa nje. Chuo kikuu walinipa shahada kwa tabia ileile.

Dada alipougua saratani ya damu, daktari alisema dawa zitamfikisha mahali fulani, lakini ili avuke anahitaji kupandikizwa seli shina za mtu mwingine, yaani zile mbegu ndogo zinazozaa damu. Mtu huyo lazima afanane naye kwa ndani. Sisi wa upande wa mama tulipimwa wote tukashindwa, mimi nikiwa wa kwanza. Nakiri niliona aibu, kama aliyefeli mtihani ambao hata hakuruhusiwa kuusomea.

Chuoni kulikuwa na kikundi cha wanafunzi waliojitolea kuwaandikisha vijana kwenye daftari la wachangiaji wa seli hizo. Nilijiunga nao ili nijue wanadanganya wapi. Sikupata uongo wowote, na ndivyo nilivyojikuta wakati wa likizo nazunguka Kasulu na Kibondo nikiwa na boksi la vijiti vyenye pamba, mafaili mawili, na mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu wa udaktari, kijana mpole asiyejua kutania. Watu walimwita "dokta" siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wanamletea migongo yao, na siku ya tatu mbuzi.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kijana wa miaka kumi na minane mpaka thelathini na mitano anasoma fomu, anasaini, anasugua pamba ndani ya shavu, basi. Sharti ni moja: asile wala kunywa chochote kwa nusu saa kabla. Aliyeandika sharti hilo hajawahi kufika mkoa wa Kigoma. Huku huwezi kuingia kwenye ua wa mtu na kueleza jambo kabla hujala, na mwenye ua hawezi kukuacha ule peke yako. Basi tulikula muhogo na maharage na wenyeji wetu, halafu tukakaa nusu saa tukisubiri vinywa vyao vitulie. Katika nusu saa hiyo alifika jirani, na jirani akaletewa muhogo, na wote wakamsindikiza kula.

Stendi ya Kibondo, vijana wa bodaboda walikuwa na maswali yao.

"Sista, yaani unataka mate yangu? Si ungeomba namba tu."

"Namba utaandika kwenye fomu."

"Na hizo mbegu mkizichukua, mimi nitazaa?" aliuliza mwingine.

"Ni mbegu za damu," mwenzangu akamjibu kwa utaratibu wote. "Hazihusiani kabisa na uzazi. Mwili unatengeneza nyingine ndani ya wiki chache."

"Dokta, sema kwa sauti. Mke wangu anauza maandazi pale, asikie."

Mwenzangu akasema kwa sauti. Mke akajibu kutoka kwenye karai lake kwamba hata zikiisha yeye hana shida, watoto watano wanamtosha. Siku ile tulipata vijana kumi na tisa, wote wakicheka.

Hilo lilikuwa faili la bluu, la umma, ambalo linaweza kumsaidia mgonjwa yeyote popote. Faili la pili lilikuwa la kijani, na humo niliweka moyo wangu wote. Lilikuwa la ndugu wa mgonjwa. Daktari wa dada alikuwa ametuambia hivi: mkikosa anayefanana naye kabisa, nusu yaweza kutosha, na nusu hupatikana kwa baba, kwa watoto wa baba, wakati mwingine kwa watoto wa baba zake wadogo. Tafuteni upande wa baba.

Upande wa baba ulikuwa mstari mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba: marehemu. Kazi: seremala. Mahali: Heru Juu. Bibi alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba seremala huyo alikufa kabla dada hajaanza kutembea, na kwamba ndugu zake walitawanyika. Nilimuuliza bibi jina la ukoo. Akanitajia jina ambalo ukilitamka kwa sauti gulioni Kasulu watageuka watu arobaini.

"Heru Juu si mbali," nikasema. "Nitakwenda."

"Nenda," akasema bibi, huku akipepeta maharage kwa nguvu kuliko yalivyostahili. Maharage mazima yaliruka nje ya ungo. Mtu wa maswali angeliona hilo. Mimi nililiona na nikayaokota.

Heru Juu tulifika Jumapili. Baada ya ibada nilipewa nafasi ya matangazo, kati ya tangazo la ndoa na lile la mwavuli uliopotea. Nikaeleza kuhusu dada yangu mwalimu, anayeumwa, ambaye baba yake alikuwa seremala wa hapahapa, marehemu. Nikataja jina. Waumini wakatazamana.

Halafu kutoka benchi la akina mama ikatoka sauti: "Jamani! Seremala!"

Alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye kilemba cha zambarau. Alisimama akaweka mikono kichwani. "Yule mrefu! Marehemu yule! Kumbe aliacha mtoto?"

"Mlimfahamu, bibi?"

"Nisimfahamu? Alikuwa mrefu mpaka akiingia ndani anainama. Ndiyo maana milango aliyotengeneza yeye ilikuwa mirefu."

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mzee mmoja alimkumbuka seremala kwa kikohozi chake. Mwingine alikumbuka mazishi, na kwamba siku ile mvua ilinyesha. Mama mmoja alitupeleka kwake, akaniketisha kwenye kiti cha mbao chenye mgongo wa duara, na nilipokwisha kukaa akasema polepole, "Kiti hicho, mwanangu, mkono wake."

Nikasimama. Nikakigusa kiti. Nilipitisha kidole kwenye viungo vyake, na nikaona, naapa, jinsi dada anavyobana midomo anapochora mstari ubaoni. Nikakipiga picha nikamtumia. Kisha akaandika: "Alikuwa na mikono mizuri." Akaiweka picha ya kiti kwenye kioo cha simu yake.

Siku ile na iliyofuata, watu thelathini na mmoja walijaza fomu za kijani. Kwenye kisanduku cha "Ndugu wa mgonjwa?" wote waliweka alama kwenye "Ndiyo". Wengine waliandika "mpwa", wengine "binamu", na mmoja aliandika "karibu sana". Walitufungia na mihogo ya kwenda nayo. Bibi wa kilemba alinishika mikono yote miwili na kulia machozi ya kweli, akamlilia seremala na mtoto wake aliye hospitali, mpaka mwenzangu wa udaktari naye akavua miwani akaipangusa.

Njiani tukiwa kwenye bodaboda moja, mimi katikati, mwenzangu alisema karibu na sikio langu, "Umeona? Mmoja kasema alikuwa mrefu. Yule mzee wa mwisho kasema alikuwa mfupi mwenye nguvu."

"Watu husahau," nikamjibu. Mimi! Mimi niliyemhesabia Nuhu mchwa wake.

Wiki tano baadaye majibu yalikuja. Mwenzangu ndiye aliyepokea simu ya maabara. Tulikuwa Kasulu, nyuma ya soko, na alisikiliza muda mrefu bila kusema chochote zaidi ya "sawa". Kisha akakata simu, akaitazama.

"Hakuna hata mmoja," akasema.

"Hakuna anayefaa?"

"Hakuna aliye ndugu. Wanasema wale watu thelathini na mmoja ni ndugu wa dada yako kama wewe ulivyo ndugu wa yule pale." Akanyoosha kidole kwa mzee aliyekuwa akipakia mkaa. "Wameuliza kama tulichanganya mafaili."

Jioni ile dada alipiga kama kawaida. Nikamwambia ukweli, kwa sababu sijui kumdanganya. Nilisikia mlio wa mashine yake.

"Kwa hiyo kile kiti?" akauliza.

"Ni kiti tu."

"Nimelilia mguu wa kiti wiki tano." Nilisubiri alie tena. Akacheka, lakini cheko halikufika mbali, likageuka kukohoa. Akasema daktari hatangoja sana. Dawa zilikuwa zimemfikisha pale zilipoweza kumfikisha, na nafasi hiyo haikai wazi. Miezi miwili, labda na nusu. "Mdogo wangu, wewe si unauliza kila kitu? Nani alisema baba yangu ni wa Heru Juu?"

Aliyesema alikuwa uani asubuhi iliyofuata, akichambua maharage kwenye mkeka. Nilikaa mbele yake. Huwa anachambua kwa mikono miwili, ya kulia inatoa mawe na ya kushoto inatoa yaliyotobolewa, na macho hayatazami mikono.

"Bibi, watu wa Heru Juu si ndugu zake."

"Watu wa mjini hao wa maabara wanajuaje?"

"Wanajua. Bibi, seremala alikuwa mrefu au mfupi?"

Mkono wa kulia ukasimama.

"Mrefu," akasema.

"Huko nao walisema mrefu. Na mfupi. Na mwenye kikohozi. Wamemzika kwenye mvua. Wamenikalisha kwenye kiti chake."

Bibi alinitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu aliyesema uongo mdogo akakuta umeota miguu, umeoa na umezaa. "Wamemzika?" akauliza. "Kwa heshima?"

"Kwa heshima sana."

"Watu wa Heru Juu ni wema," akasema, akaendelea na maharage. "Hawawezi kumwacha mgeni na marehemu wake peke yake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ningekuwa mgeni mahali pengine, wangeniambia hawamjui, nikarudi nyumbani siku ileile. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya waumini na msiba mkononi, na watu wa Heru Juu waliona ni utovu wa adabu kumwambia binti wa watu kwamba maiti yake haijulikani. Wakamsaidia kuibeba.

"Kwa nini Heru Juu, bibi?"

"Nilikuwa nimetoka huko kununua muhogo. Karani aliponiuliza mahali, ndilo jina lililokuwa mdomoni."

"Na baba yake ni nani?"

Alimaliza rundo zima kabla ya kujibu. Baba wa dada hakuwa seremala. Alikuwa mfyatua matofali Kibondo, wakati mama mkubwa akifundisha huko. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na wakati ule hawakuwa na karatasi yoyote. Alikuja Kasulu kujitambulisha, na bibi akamfukuza uani na ufagio. Mama mkubwa alipofariki, bibi akaenda kuandikisha cheti cha mtoto, na mbele ya dawati la karani aliona kwamba akimtaja baba asiye na karatasi, siku moja mtoto atakosa shule, kazi, kila kitu.

"Mama yake Mtanzania, bibi. Ilitosha."

"Ilitosha kwenu mliosoma. Kinachotosha anakijua mwenye dawati." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nikamchagulia baba mwenye kilima chake, mzaliwa wa hapa. Tena nikamuua mapema, asije akaulizwa maswali."

"Bibi, yule wa kweli yuko hai?"

"Yuko Nyabibuye," akasema, upesi mno kwa mtu asiyejua. "Siku hizi ana kitambulisho cha taifa kama wewe. Ana watoto saba. Migomba yake imepata ugonjwa mwaka juzi."

Nikamtazama. Akaokota jiwe ambalo halikuwapo.

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na sababu nzuri, nimezipanga kama hoja za insha. Mtu aliyekuwa nusu ya dada yangu tangu siku ya kwanza alikuwa akifukuza ndege kwenye mtama wake upande ule wa Kakonko, wakati mimi nikisugua mashavu ya Heru Juu nzima. Lakini bibi alikuwa ameshasimama, ameingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

"Tunaondoka na basi la saa ngapi?"

Safari ya kwenda Nyabibuye ilituchukua siku nzima: basi mpaka Kibondo, jingine mpaka Kakonko, kisha bodaboda tatu kwa msafara, bibi akiwa mbele amekaa upande kama malkia, faili la kijani likiwa mapajani. Njia nzima hakuzungumza ila mara moja, kumwambia mwendesha bodaboda apunguze mwendo, na mara ya pili kumwambia aongeze.

Kabla ya kufika, mwenzangu alitukumbusha sharti la nusu saa. "Tafadhali, safari hii tusile kwanza. Tuwaombe wakae nusu saa bila kitu mdomoni."

"Utawaambiaje watu wasitukaribishe?" nikamuuliza.

"Sijui. Wewe ndiye mwenyeji."

Ua ulikuwa safi, umefagiwa kwa mistari. Mwenye ua alitoka nyuma ya nyumba na jembe, akatuona, akaona ni nani aliyeshuka kwenye bodaboda ya kwanza. Akaliweka jembe chini kwa upole mno, kama chombo cha udongo. Hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi kuliko mimi.

"Amahoro," akasema, yaani amani.

Huku kwetu salamu ya heshima haifanywi kwa mkono mmoja wa haraka. Unainama, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nene, unauliza habari za nyumba, za watoto, za mashamba, za mvua, na kila jibu linapokelewa kwa makofi. Anaanza mdogo, au anaanza anayeomba. Bibi yangu, mjane wa mzee wa kanisa, hajawahi kuanza kumwamkia mtu yeyote chini ya askofu.

Aliinama. Kitenge cha Pasaka kiligusa vumbi. Akaanza kupiga makofi.

Mzee yule alisimama tu. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, watoto wakatoka mmoja mmoja wakapanga mstari ukutani. Bibi aliuliza habari za nyumba. Kimya. Za mashamba. Kimya. Za migomba, na kwamba alisikia ilipata ugonjwa. Hapo mzee akapiga kofi moja, nadhani bila kukusudia. Basi bibi akaingia kwenye Kiha chake cha ndani, ambacho huwa hakitoi mbele ya wageni, akaeleza yote: ufagio, karani, Heru Juu, seremala. Alipofika kwenye mazishi ya mvua, mke wa mzee aliziba mdomo kwa mwiko.

"Uliniua?" mzee akauliza.

"Nilikuua. Nisamehe, baba. Nilikuzika vizuri."

"Kwa ugonjwa gani?"

Bibi akafikiri. "Kikohozi, inasemekana."

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mimi namfahamu huyo mtoto. Kila tukipanda maharage huyu mtu anahesabu watoto wake, anafika saba, anasema nane. Miaka yote nilidhani hajui hesabu mpaka mama mkwe akaniambia." Kisha akamgeukia bibi. "Inuka, mama. Magoti yako si ya msichana."

Ndipo mzee akainama naye, akaanza kupiga makofi, na salamu yote ikarudiwa upya kutoka mwanzo, safari hii ikijibiwa. Mvua. Mashamba. Watoto. Walifika kwa majirani waliokwisha kufa wa Kibondo, wakawaulizia nao.

Mwenzangu alinigusa kiwiko. Alikuwa ametoa simu, ameonyesha saa.

"Dakika thelathini na nne," akanong'ona. "Hakuna aliyekula kitu."

Tulisugua mashavu palepale uani. Mzee alikuwa wa kwanza. Alitaka achukuliwe yeye, hata leo, hata kwa kisu. Mwenzangu alimweleza kwamba baba daima ni nusu ya mtoto wake, hilo halihitaji bahati. Kisha akamsikiliza kifua, akamuuliza kuhusu miguu inayovimba, na sauti yake ikashuka. Moyo ule usingevumilia. Walibaki watoto watatu waliotimiza umri. Kila mmoja kwa nafasi yake, kama kurusha sarafu.

Kwenye kisanduku cha "Ndugu wa mgonjwa?" bibi aliomba kalamu aweke alama mwenyewe. Alibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Mkubwa kati ya wale watatu ni fundi cherehani. Alipokuwa na kijiti mdomoni mdogo wake alimtania kwamba anafanana na ng'ombe anayepewa dawa, naye akacheka, akashika shingo. Mimi na bibi tuliangaliana. Sikuhitaji maabara. Lakini mimi ni mtu wa maabara, nikangoja maabara.

Majibu yalipokuja, mzaliwa wa pili na wa tatu walikuwa wamekosa. Fundi cherehani alikuwa nusu, nusu nzuri, moyo na maini yake ni ya kijana anayelima kabla ya kushona. Nilimpigia nikamweleza yote: sindano siku kadhaa, maumivu ya mifupa, kulazwa saa nyingi damu ikitoka mkono mmoja ikirudi mwingine, na kwamba anaweza kukataa. Nilirudia mara mbili kwamba anaweza kukataa, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

"Sawa, nimesikia," akasema. "Anavaa saizi gani?"

"Nani?"

"Dada. Siwezi kwenda kumwona mara ya kwanza mikono mitupu."

Nikamuuliza dada. Dada akasema, "Mwambie nimekonda, asikate kitambaa sasa. Aje na futi, atanipima nikishajaa."

Alikwenda. Siku ya tatu ya sindano alilalamika kwamba mifupa inamuuma kana kwamba amelima heka mbili za mtu mwingine. Siku ya tano walimtoa seli, mfuko mdogo tu wenye rangi ya juisi ya nyanya iliyochujwa, ukaingia kwa dada jioni hiyo. Kisha tukangoja, na sitaandika jinsi tulivyongoja. Seli zilishika. Madaktari hawasemi zaidi ya hapo, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwauliza zaidi.

Ilibaki Heru Juu. Sikuweza kulala nikiwakumbuka wale watu thelathini na mmoja. Nilirudi Jumapili moja, nikaomba tena nafasi ya matangazo, na mbele ya kanisa lote nikasema seremala hakuwahi kuwapo. Nikasema baba wa dada yangu yuko hai Nyabibuye, na mwanawe ndiye aliyemtolea seli. Nikaomba radhi kwa kuwasumbua na marehemu wa uongo. Fomu zao tulizihamishia faili la bluu kwa wale waliokubali, na vijana wao sasa wako kwenye daftari la umma. Huenda siku moja mmoja wao akawa ndugu wa kweli wa mtu asiyemjua.

Nilingoja aibu iwapate. Haikuwapata. Walipiga makofi. Yule mama wa kiti alisema kumbe ndiyo maana kile kiti alikinunua Kasulu.

Nje, bibi wa kilemba cha zambarau alinishika mkono. Aliuliza dada anaendeleaje. Nikamwambia nywele zimeanza kuota, na kwamba akipata ruhusa anataka kuja kuwashukuru ndugu zake wote wa Heru Juu.

"Aje," akasema. "Aje na baba yake."

"Nitawaambia, bibi."

Akafikiri kidogo, akasogea karibu.

"Ni mrefu?"

"Hapana, bibi. Ni mfupi kuliko mimi."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikitikia mtoto aliyedanganywa na watu wazima.

"Basi muwe waangalifu," akasema. "Yule wetu alikuwa mrefu."